Matembezi ya Familia Hadi Maporomoko ya Materuni, na Maji ya Kilimanjaro Yanakotoka

Na Mwandishi Wetu

Kwa wananchi wengi, Mlima Kilimanjaro ni mlima wa kutazamwa kwa mbali: kupitia dirisha la basi linaloelekea Arusha, au katika picha iliyotundikwa ukutani. Kuupanda hadi Kilele cha Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, kunahitaji siku kadhaa, fedha nyingi na mwili uliozoea mazoezi, na hiyo si safari ya mtoto wa miaka saba. Hata hivyo, mlima hauanzii kileleni. Katika mteremko wake wa kusini, mahali ambapo migomba ya wananchi inakaribiana na msitu wa asili, ipo njia ya miguu ambayo baba, mama, bibi na watoto wanaweza kuipita pamoja asubuhi moja na kurejea mjini Moshi kabla ya jua kutua.

Njia hiyo inaelekea kwenye maporomoko ya maji ya Materuni, katika eneo la Uru, Wilaya ya Moshi, mkoani Kilimanjaro. Kijiji cha Materuni kiko takriban kilomita 15 kutoka mjini Moshi. Kutoka kijijini hadi chini ya maporomoko ni mwendo usiozidi saa moja kwa mtu mzima anayetembea bila haraka. Familia yenye watoto wadogo ijipangie saa moja na nusu, kwa kuwa watoto husimama kila wanapoona jambo jipya, na katika njia hii mambo mapya ni mengi. Maji huanguka kutoka kimo cha takriban mita 80 na kutua katika bwawa dogo lililozungukwa na kuta za mawe na majani mabichi.

Makala haya yanaeleza namna ya kwenda na mambo ya kuzingatia kwa usalama. Yanaeleza pia jambo ambalo wageni wengi huondoka Materuni bila kulijua, au wakiwa wameambiwa kinyume chake, yaani asili ya maji hayo wanayopiga nayo picha.

Kufika na kujiandikisha

Kutoka Moshi mjini zipo daladala zinazopanda Uru, na wanaotumia magari binafsi hufika bila shida wakati wa kiangazi. Barabara inapanda kwa kona nyingi. Masika inapopamba moto, kati ya Machi na Mei, sehemu za juu huteleza, hivyo mwenye gari dogo anashauriwa kuuliza hali ya barabara kwa wenyeji kabla ya kuondoka mjini. Miezi ya Juni hadi Oktoba, pamoja na Januari na Februari, ndiyo inayofaa zaidi kwa familia. Juni na Julai huwa na baridi na ukungu wa asubuhi ambao wakati mwingine hukaa hadi saa nne au saa tano. Sweta kwa kila mtoto si jambo la hiari.

Mgeni anapofika hulipa ada ya kijiji, huandika jina lake katika kitabu cha wageni na kupatiwa mwongozaji. Viwango hubadilika, na watu wazima na watoto, raia na wasio raia, hawatozwi sawa. Kwa hiyo ulizia kwanza, kisha lipa na udai stakabadhi. Fedha inayolipwa bila stakabadhi haijulikani imeishia wapi, na kijiji kinaweza kuonesha faida ya utalii kwa wananchi wake pale tu mapato yanapoandikwa.

Wapo wanaouliza kama mwongozaji ni lazima wakati njia inaonekana wazi. Jibu la haki ni kwamba njia inaonekana, lakini haipiti katika eneo la wazi lisilo na mwenyewe. Inapita katikati ya vihamba vya watu.

Kupita katika kihamba

Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga, lakini neno shamba halitoshi kulieleza. Ni mahali pa kuishi, pa kulima, pa kufuga na pa kuzikia. Baba humrithisha mwanawe, na makaburi ya waliotangulia yako humo humo, mara nyingi karibu na nyumba, mengine yamejengewa kwa saruji na mengine yakiwa na masale tu. Masale, mmea wenye majani marefu yaliyochongoka, una heshima ya pekee Uchaggani: huonesha mpaka wa ardhi, na jani lake hutumika kuomba msamaha. Mzazi awaeleze watoto hayo mapema, ili wasing'oe majani wala kukimbilia makaburini. Mtu anayevuka kihamba yuko uani kwa watu, na salamu ya shikamoo kwa mzee aliyeketi barazani ni sehemu ya matembezi haya.

Mpangilio wa kihamba una mantiki ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuiona kwa macho yake. Juu kabisa iko miti mirefu inayotoa kivuli, kuni, mbao na majani ya mifugo. Chini yake iko migomba. Chini ya migomba iko mibuni, ambayo haipendi jua kali la moja kwa moja. Chini zaidi, karibu na ardhi, yako magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe na mbuzi hufungiwa bandani wakaletewa majani na makonde ya migomba, na samadi yao hurudishwa shambani. Hakuna kipande cha ardhi kinachoachwa kuchomwa na jua wala kupigwa na mvua bila kinga, na ndiyo maana udongo wa mteremko huu, licha ya kuinama kwake na wingi wa watu wanaouishi, haujachukuliwa wote na maji. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, katika eneo hilo hilo la Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Kahawa inayoonekana njiani ni arabika. Ndiyo iliyowapatia wakulima wa mlima huu fedha za kuwasomesha watoto kwa vizazi kadhaa, na ndiyo iliyozaa mmoja wa ushirika wa mwanzo kabisa wa wakulima Waafrika nchini: chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro (KNCU) mwaka 1933. Baadhi ya kaya za Materuni huwaonesha wageni kazi ya kahawa kwa malipo, baada ya matembezi: kukoboa, kutwanga kwenye kinu, kukaanga juu ya moto wa kuni, kutwanga tena na kupika, huku wakiimba. Watoto hupewa mchi nao watwange. Kwa maoni ya mwandishi, hii ni saa nzuri kuliko zote za safari kwa mtoto aliyekulia mjini, kwa sababu anatambua kwamba unga mweusi wa kwenye kopo ulikuwa tunda jekundu mtini. Chakula cha mchana cha mtori au ndizi na nyama kinaweza kuagizwa kabla ya kuanza kutembea, kikakutwa tayari wakati wa kurudi.

Mahali pengine njia inavuka au kufuata mfereji mwembamba wa maji, wenye upana usiofika hatua moja. Huo ni mfongo. Wengi huuruka bila kuutazama, jambo ambalo ni hasara. Kwa karne kadhaa Wachagga wamekuwa wakichepusha maji kutoka kwenye mito iliyo juu na kuyaleta migombani kwa mifereji iliyochimbwa kwa mkono ikifuata kona za milima, bila vipimo vya kisasa, kwa mteremko mdogo kiasi kwamba maji yanatembea bila kuchimbua ardhi. Ukoo uliochimba mfongo ulikuwa na sauti juu yake. Zamu za maji zilipangwa, na asiyefika siku ya kuusafisha mfongo alitozwa faini au akakosa zamu. Wageni walioandika habari za Uchagga katika karne ya 19 waliistaajabia mifereji hiyo. Mingine imekauka, mingine imebadilishwa na mabomba, lakini mingi ingali inatiririka, na kila mmoja unaanza kwenye mto unaotoka msituni.

Maji haya si theluji iliyoyeyuka

Mgeni anapofika chini ya maporomoko, akatia mkono majini na kuona jinsi yalivyo baridi, husema, au huambiwa, kwamba hiyo ni theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Kauli hiyo inarudiwa mara nyingi, hata na watu wanaoupenda mlima huu kwa dhati. Sehemu kubwa mno ya maji ya mito ya Kilimanjaro haitokani na theluji wala barafu. Inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu.

Mambo huenda hivi. Pepo zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Zinapokutana na mlima hulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba unyevu wote iliokuwa nao. Unyevu huo hugeuka mawingu, na mawingu hunyesha katika mteremko wa kusini, hasa kwenye ukanda wa msitu. Mji wa Moshi, ulio chini, hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka. Msituni, kwenye urefu wa takriban mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, mvua huzidi milimita 2,000. Kutoka hapo kwenda juu hupungua tena, na kileleni kiasi kinachoanguka kinafanana na cha nchi kame. Kwa hiyo barafu inayoonekana kutoka mjini, pamoja na uzuri wake, iko mahali pakavu na penye baridi kali. Sehemu yake kubwa hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja, bila hata kuwa maji.

Hesabu nyingine inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya kilomita za mraba 2. Kama mito ingekuwa inaitegemea barafu hiyo, mingi ingekuwa imekauka pamoja nayo, lakini maporomoko ya Materuni yangali yananguruma.

Kazi ya msitu haiishii kwenye kupokea mvua. Matawi ya miti ya ukanda wa mawingu yamevikwa ukoga na mimea midogo inayoning'inia kama ndevu. Ukungu unapopita, matone hushikwa na ndevu hizo, hukusanyika na kudondoka, hata siku ambayo haikunyesha tone la mvua. Chini, majani yaliyooza na mizizi hufanya udongo uwe kama sifongo: hunywa mvua kubwa ya masika na kuiachia polepole kupitia chemchemi hadi miezi ya kiangazi. Ndiyo maana familia inayotembelea Materuni mwezi Septemba, wakati nyasi za tambarare zimekauka, bado inakuta maji yakianguka. Yanayoanguka siku hiyo ni mvua iliyonyesha zamani, ikahifadhiwa ardhini.

Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Andreas Hemp, ambaye ameichunguza misitu ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, alieleza katika makala yake ya kisayansi ya mwaka 2005 kwamba moto uliopunguza misitu ya ukanda wa juu umeathiri maji ya mlima kuliko kupungua kwa barafu. Miti inapoungua, mtego wa ukungu unaondoka nayo. Wananchi watakumbuka moto wa Oktoba 2020, uliowaka kwa siku kadhaa na kuzimwa kwa nguvu za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), vyombo vingine vya Serikali, wanafunzi na wananchi wa vijiji vya jirani. Kilichoonekana kwa mbali kama moshi juu ya mlima kilikuwa pia upotevu wa maji ya miaka ijayo.

Na maji hayo yana wenyewe wengi. Mji wa Moshi hupata maji yake kwa sehemu kubwa kutoka kwenye chemchemi za miguuni mwa mlima. Wakulima wa mpunga wa skimu ya Lower Moshi wanayatumia. Mashamba ya miwa ya kusini mwa mji yanayatumia. Mito ya mteremko huu huungana na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani, ambako kuna mitambo ya kufua umeme ya Hale, wenye uwezo wa megawati 21, na Pangani Mpya, wenye megawati 68, kabla ya kumwagika Bahari ya Hindi mkoani Tanga. Mtoto aliyesimama chini ya maporomoko anaweza kuambiwa, bila kutia chumvi, kwamba mto kama huo ni sehemu ya safari inayoishia baharini.

Mpaka wa msitu na maisha ya jirani

Kutoka eneo la Materuni msitu unaonekana wazi juu ya migomba ya mwisho, na mgeni anaweza kudhani mpaka huo umekuwapo daima. Sivyo. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu uliojulikana kama Nusu Maili, kati ya mashamba na msitu wa hifadhi, ili wananchi wapate kuni, miti ya kujengea na majani ya ng'ombe bila kuingia ndani zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973 ikihusisha sehemu za juu za mlima, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2005 mipaka yake ilipanuliwa, msitu uliokuwa chini ya usimamizi mwingine ukawa sehemu ya hifadhi.

Kwa upande wa maji, uamuzi huo unaeleweka kwa yeyote aliyefuatilia maelezo yaliyotangulia. Kwa upande wa kaya ya mpakani yenye ng'ombe mmoja bandani na jiko la kuni, una gharama, na hiyo gharama haifutiki kwa kutotajwa. Majani yaliyokatwa ukingoni mwa msitu hutafutwa mbali zaidi au hununuliwa. Kuni vivyo hivyo. Hapo ndipo fedha ya mgeni inapopata maana. Kijana anayeongoza wageni, mama anayeuza mtori, na kaya inayowaonesha watoto kutwanga kahawa wanapata kipato kutokana na msitu uliosimama, si uliokatwa. Utalii wa aina hii hauwezi kulipa kila hitaji la kijiji, na asiwepo wa kudai hivyo, lakini ni miongoni mwa njia chache ambazo mlinzi wa msitu na jirani wa msitu wanafaidika kwa jambo lile lile.

Sheria nayo inamhusu mgeni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Chupa za maji, nepi za watoto na maganda ya biskuti virudi mjini ndani ya begi lile lile lililovileta. Sabuni isitumike mtoni hata kunawia mikono, kwa sababu anayeishi chini ya daraja linalofuata anachota maji hapo hapo.

Usalama wa watoto

Njia hii huitwa nyepesi, na ndivyo ilivyo: haina mahali pa kupanda kwa kamba, haihitaji vifaa maalumu, na mtoto wa miaka sita mwenye afya huitembea kwa miguu yake. Mdogo zaidi abebwe mgongoni kwa mbeleko badala ya kusukumwa kwenye kigari, ambacho hakitapita. Wazee wanaotembea vizuri hufika, ilimradi wapewe fimbo na muda. Hata hivyo, wepesi wa njia usihamishiwe kwenye maji. Sehemu ya mwisho inashuka kuelekea bondeni, udongo wake umelowa karibu mwaka mzima, na mawe yaliyo karibu na bwawa yana utelezi. Viatu viwe vimefungwa na vyenye meno. Ndala ni chanzo cha anguko nyingi zinazoweza kuepukwa. Katika mteremko huo kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima mmoja, na mtu mzima mmoja asishike watoto wawili.

Maji ni baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi anapoingia ghafla, na chini ya mahali yanapoangukia kuna msukumo unaoweza kumvuta hata anayejua kuogelea. Pamoja na maji, huweza kudondoka jiwe au tawi. Watoto wachezee ukingoni, mahali ambapo maji hayazidi kifundo cha mguu, mbali na mdondoko wenyewe. Anayetaka picha ya karibu asimsimamishe mtoto juu ya jiwe lililolowa.

Jambo linalopaswa kueleweka na kila mzazi ni kwamba mto unaweza kujaa wakati juu ya vichwa vya watu kuna jua. Kama ilivyoelezwa, mvua kubwa hunyesha msituni, juu zaidi ya maporomoko, na huko hakuonekani kutoka bondeni. Maji yakianza kubadilika rangi kuwa ya udongo, yakileta majani na vijiti kwa wingi, au mngurumo ukiongezeka ghafla, ondokeni mara moja na kupanda mahali pa juu. Msirudi kuchukua viatu wala simu. Mwongozaji akisema leo hatushuki, hatushuki, hata kama familia imesafiri kutoka Dar es Salaam. Kabla ya safari, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na inapotolewa tahadhari ya mvua kubwa kwa Mkoa wa Kilimanjaro, ahirisheni. Kwa dharura, namba ya Polisi ni 112 na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, zote bila malipo. Lakini kwa kuwa mtandao wa simu bondeni unaweza kuwa dhaifu, inafaa kijijini abaki mtu anayejua mmeondoka saa ngapi na mnatarajia kurudi saa ngapi.

Maji ya mto, ingawa yanatoka msituni na yanaonekana safi, yasinywewe bila kuchemshwa, kwa kuwa yamekwisha kupita kwa watu na mifugo. Kila mtu abebe chupa yake ya maji, na mtoto apewe kitu cha kutafuna katikati ya njia, maana njaa ndiyo inayogeuza matembezi mepesi kuwa mazito.

Ratiba inayofaa ni kuondoka mjini Moshi saa mbili asubuhi, kuanza kutembea kabla ya saa nne, na kukaa kwenye maporomoko kwa muda usiozidi saa moja, kwa sababu watoto waliolowa hupoa haraka. Kurudi kunachukua muda mrefu kidogo kuliko kwenda, kwani mwanzo wake ni kupanda kutoka bondeni. Wanaotaka kuona kazi ya kahawa waagize asubuhi wakati wa kujiandikisha, ili kaya husika iwashe moto kwa wakati. Ukungu huanza kushuka tena alasiri, na daladala za kurudi mjini hupungua kadiri jioni inavyokaribia. Ifikapo saa tisa familia iwe imekwisha kula na inaaga.